Nukta Tatu za Sajini Nasirumbi

Sajini Jentrix Nasirumbi anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, baada ya miaka thelathini na mitano katika polisi. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye benchi moja la Karakana ya Silaha, Kanda ya Mlimani, hapa Nyeri. Benchi lenyewe limebadilishwa mbao mara mbili, lakini yeye hajabadilishwa hata mara moja, na waliojaribu kumhamishia ofisini walirudi wakiwa wamebeba bastola zao wenyewe ili azikague.

Wengi wa wasomaji wa jarida hili humwona mara moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi. Wanakumbuka miwani yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, chupa yake ya chai ya tangawizi, na ule mswaki wa kusugulia bastola aliokuwa akiwaonyesha kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuona mswaki. Mimi nimekaa naye benchi moja miaka minane. Nilipoombwa kuandika ukurasa huu nilikubali upesi, kisha nikagundua kwamba siwezi kuuandika bila kujitaja. Msomaji atanisamehe tukifika hapo.

Alizaliwa Kimilili, akajiunga na polisi mwaka 1990, akafanya doria Kerugoya miaka mitatu kabla ya kuomba kozi ya ufundi wa silaha. Darasani alikuwa mwanamke peke yake. Wiki ya kwanza mkufunzi alimpa kazi ya kuhesabu skrubu, akidhani atachoka aende zake. Alizihesabu zote, akarudi na ripoti kwamba kumi na moja kati yazo zimelika uzi na zisirudishwe kwenye silaha ya mtu. Mkufunzi hakumpa tena kazi ya kuhesabu.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Bastola zetu hujiingizia risasi zenyewe. Ukifyatua, sehemu ya juu inarudi nyuma, inatupa ganda, inarudi mbele na kusukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Yote haya yanategemea springi mbili tatu na vipande vidogo vya chuma ambavyo havivunjiki kwa kishindo, bali vinachoka. Springi inalegea. Kindoano kinachong'oa ganda kinalika ncha. Midomo ya magazini inapanuka kiasi cha unene wa karatasi. Bastola inaendelea kufanya kazi vizuri, ila mara moja moja inakwama.

Hiyo mara moja moja ndiyo aliyopigana nayo miaka yote. Askari walikuwa wakija kwa unyenyekevu, "Afande, hii kitu iko sawa tu, ni vile inashika mara moja moja." Naye alikuwa ananyoosha mikono kuipokea. "Mara moja inatosha. Wacha hapa." Hakuwahi kumrudishia mtu bastola kwa sababu mtu huyo ana haraka, na waliopiga kelele sana ndio waliosubiri zaidi.

Siwezi kuacha kisa cha Koplo Mutahi wa upande wa Mweiga, kwa sababu ameniruhusu nikiseme na kwa sababu nakipenda. Asubuhi za kule kuna baridi inayouma, na bastola ya Mutahi ilikuwa ikirudi mbele polepole kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Mchana ikipata joto, inapona. Kituoni walishasema ni springi. Sajini Nasirumbi aliifungua, akanusa, akamuuliza Mutahi anaipaka nini. Bwana huyu, anayefuga ng'ombe wanne, alikuwa ameishiwa na mafuta ya silaha na kwa miezi mitano akawa anaipaka jeli ya kukamulia.

"Afande, hiyo jeli ni safi," Mutahi alijitetea. "Ng'ombe hawajawahi lalamika."

"Ng'ombe haina springi, Mutahi."

Aliiosha yote, akaipaka tone moja pale na tone moja hapa, akamwandikia kwenye karatasi sehemu nne za kutia mafuta na kiasi chake. Mwaka uliofuata alibandika karatasi hiyo katika kila kituo, kuanzia Nanyuki hadi Kerugoya, ikiwa na mstari wa mwisho usemao mafuta ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Bado iko ukutani, nendeni mkaisome.

Sasa nifike pale nilipoomba msamaha.

Oktoba 2016 nilikuwa konstebo wa mwaka wa pili huko Mwea. Alasiri moja mimi na Koplo Ouko tuliitwa kwenye kinu cha mchele kilichokuwa kikivamiwa na watu wenye mapanga. Nilifyatua risasi mbili hewani kuonya. Ya tatu haikutoka. Risasi ilikuwa imeinamisha pua na kukwama kwenye njia ya kuingilia. Nilivuta magazini, ikanitoka mkononi, ikaanguka kwenye tope la ukingo wa mfereji. Wakati nikiiokota, mtu alimkata Koplo Ouko mkono wa kushoto. Watu wale walikimbia waliposikia gari la pili likija. Ouko alipona, lakini vidole vyake viwili havikunjiki hadi leo.

Bastola yangu ilipimwa siku iliyofuata kwa magazini nyingine. Ilipiga risasi hamsini bila kukohoa. Kwa hiyo jibu likawa wazi kwa kila mtu: silaha ni nzima, aliyeshindwa ni msichana aliyeishika. Nikaandikiwa shtaka la uzembe na la kutotunza silaha, na kikao cha nidhamu kikapangwa baada ya wiki tatu. Adhabu iliyokuwa ikitajwa ni kufukuzwa kazi. Ouko hakuwa akinijibu simu. Mama yangu huko Mwingi sikumwambia, na mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini kwamba labda kweli niliogopa nikakosea.

Bastola ilipoletwa karakana kwa ripoti ya mwisho, Sajini Nasirumbi aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Magazini iliyokuwa ndani siku ile iko wapi? Ilikuwa imepanguswa kwa nje na kurudishwa kwenye kreti. Wakati huo tulikuwa na desturi hiyo: bastola ina namba na ina mwenyewe, lakini magazini zinatupwa zote kwenye kreti moja ya mkate, na asubuhi kila mtu anaokota iliyo karibu. Zilikuwa arobaini na sita, zote zinafanana.

Alipanda gari hadi Mwea akazichukua zote. Wenzake walimwambia anapoteza wakati. Kwa siku kumi na moja alizijaza moja baada ya nyingine, akaenda nazo uwanja wa shabaha na bastola yangu, akapiga kila moja mara tano hadi mwisho. Kidole gumba kilivimba akakifunga kitambaa akaendelea. Ya thelathini na moja ilikwama mara tatu kati ya tano, risasi ya tatu, pua chini. Akafungua kitako chake. Ndani kulikuwa na udongo mweusi uliokauka, ule wa mashamba ya mpunga ilikoangukia siku ile, na springi iliyokuwa fupi kuliko mpya kwa upana wa vidole viwili.

Na kwenye kitako, kwa nje, kulikuwa na nukta tatu ndogo zilizogongwa kwa msumari.

Hizo ndizo alama zake. Kila magazini aliyoipitisha kwenye ukaguzi aliigonga nukta tatu, na hakuna mtu mwingine aliyejua maana yake, kwani hakuwahi kuiandika popote. Hii alikuwa ameipitisha Machi mwaka huohuo. Siku ile mvua ilinyesha, uwanja ulikuwa umejaa maji, akazipima zote kwa kubonyeza na kidole bila kupiga risasi hata moja. Aliniambia baadaye kwamba tupa ilikuwa mezani, mbele yake, na kazi ya kuzifuta nukta zile ilikuwa ya dakika moja. Magazini ingebaki mbovu vilevile, mimi ningeokoka vilevile, na jina lake lisingetajwa.

Kwenye kikao alivaa sare yake ya heshima. Inspekta Wambugu, aliyekuwa mwenyekiti, alimwambia aketi, naye akakataa. Akaiweka ile magazini mezani.

"Hii alama ni yangu. Nukta tatu. Nilipitisha hii kitu mwezi wa tatu na kidole, sikuipiga hata risasi moja. Huyu msichana alikuwa na bastola mzuri na magazini mbovu, na magazini mbovu alipewa na mimi. Kosa iandikwe kwa jina yangu."

Inspekta Wambugu alivua kofia. "Sajini, unajua faili yako ya kupandishwa cheo iko kwa meza ya mkubwa wiki hii?"

"Najua, afande. Iandike tu."

Ikaandikwa. Shtaka langu lilifutwa siku hiyohiyo, na jioni Koplo Ouko alinipigia simu, tukalia wote wawili. Faili ya Sajini Nasirumbi ilirudishwa chini na haikupanda tena. Mkimwona Ijumaa akipiga saluti yake ya mwisho akiwa bado na mistari mitatu ya sajini begani, baada ya miaka thelathini na mitano, mjue ndiyo sababu. Yeye halalamiki. Mimi nalalamika kwa niaba yake, na mhariri akikata sentensi hii nitaisoma kwa maiki.

Hakukaa kujuta pia. Mwezi uliofuata alianza kuzipa magazini namba kwa rangi, kila moja na kadi yake: springi ilibadilishwa lini, ilipigwa risasi ngapi, nani aliipitisha, kwa jina kamili badala ya nukta. Kreti za mkate zilirudi kwa wenye mkate. Mvua ikinyesha, ukaguzi unaahirishwa, na mkubwa yeyote anayetaka haraka anapewa kadi na kalamu atie sahihi mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuitia. Mwaka 2016 kanda yetu iliandikisha visa kumi na tisa vya bastola kukwama. Mwaka jana vilikuwa viwili, na vyote viwili alivisaka hadi akavipata.

Mimi niliomba kuhamishiwa karakana. Alinipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. "Umekuja kazi ama umekuja kusema asante? Kama ni asante, nimepokea, rudi Mwea." Nikasema nimekuja kazi. Akanipa skrubu nihesabu.

Magazini ile ya thelathini na moja imening'inia kwenye msumari juu ya benchi letu tangu siku ile, na kibandiko kwa mwandiko wake: "Ilipitishwa na mimi. J. Nasirumbi, Machi 2016." Jumatatu ya wiki hii, wakati tukikabidhiana funguo, nilipanda kwenye stuli kuitoa. Niliona si vizuri aende nyumbani akiacha jina lake limetundikwa kwenye kosa. Alinishika mguu.

"Wacha hapo, Mwende. Kuanzia kesho ni wewe unapitisha peke yako."

Sajini, karakana nzima na vituo vyote vya mlimani wanakushukuru. Koplo Ouko ndiye mshereheshaji wako Ijumaa, na ameahidi kuishika maiki kwa mkono wa kushoto. Uende Kimilili salama, mahindi yako yastawi, magoti yapone, chai isipoe, na ukipita Nyeri ujue benchi bado ni lako. Tunakupenda, na tunakutakia siku ndefu zenye amani.

Bastola thelathini za Kerugoya zinafika Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi. Nitazipiga zote, moja moja. Magazini yako nimeiacha kwenye msumari, na chini ya jina lako, kwenye kibandiko kilekile, kuna nafasi ya mstari mmoja. Siku nitakapokosea, nitaandika langu hapo.