Misuli Nayo Ina Rangi Yake

Mgeni rasmi, dada yetu na mkurugenzi mpya wa maabara hii, wakuu wa vyumba, wafanyakazi wenzetu:

Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi hatukufichi kwamba tunaumwa. Sisi wa Chumba cha Misuli tunakupokea kwenye Chumba cha Ubongo, juu ya viti vyao vyenye mito, mbele ya kiyoyozi chao. Kwa viti tunawashukuru.

TULIKOTOKA
Chumba cha Misuli kilianza na meza moja na mkasi wako. Ndiyo, wako. Ulikuwa ukikata paja la panya upesi hata tukakuita Dada Mkasi. Tulikuwa tukikifuatilia kimeng'enya kinachokata uzi wa DNA uliojisokota, kuulegeza, na kuuunga tena. Kina sura mbili. Moja hujaa kwenye tishu ambazo seli zake bado zinagawanyika, kama wengu na korodani. Nyingine hukaa hata pale seli zilipoacha kugawanyika: kwenye ubongo na, turudie, kwenye misuli. Kisha Ubongo wakakuita, ukaenda. Hukutuaga vizuri.

TULICHOPATA
Ubongo ni laini kama uji, yeyote atausaga. Misuli ina nyuzi, inakataa. Tulisaga mpaka mikono ikafa ganzi, na mwaka jana ile sura ya pili ikajitokeza kwenye picha yetu ya kupimia vimeng'enya, mstari mweusi uliokolea, hauna ubishi. Tulishangilia hata mlinzi akaja mbio: "Jamani, mnapigana?"

KINACHOTUUMA
Wenzetu wakipita mlangoni huuliza, "Bucha, leo mna steki?" Tunacheka nao, wakishapita tunafunga mlango.

Halafu kuna chati kubwa ya tishu zenye kimeng'enya hicho, hiyo iliyo ukutani nyuma yako. Ubongo umepakwa rangi ya dhahabu. Wengu una rangi yake. Korodani, mgeni rasmi, hata korodani zina rangi! Misuli imo kwenye kijivu, ndani ya maneno "tishu nyinginezo". Chati hiyo uliichora wewe.

Tunaona wivu, na hatuna haja ya kuupaka sukari. Tunawaonea Ubongo wivu kwa kiyoyozi, kwa dhahabu yao, na zaidi ya yote kwa kuwa nawe.

Sasa tumesikia vyumba vitaunganishwa, na kwamba leo utaitazama chati hiyo uamue kipi kifungwe. Asiyekuwepo na lake halipo.

OMBI
Hatuombi kiyoyozi, ingawa kikija hatutakirudisha. Tunaomba kabla ya kutia sahihi uamuzi huo uvuke korido, uingie mlango wa pili, uione picha yetu kwa macho yako. Koti lako jeupe bado liko kwenye msumari. Mwenzetu mpya alitaka kulivaa siku moja, tukamfokea kama mwizi, maskini, naye alikuwa anasikia baridi tu.

Ukiona hatufai kubaki, tufunge. Ila utuambie ukiwa umesimama mle ndani, si hapa kwa watu.

Mungu akujalie afya, macho yasiyochoka na mkono usiosahau mkasi.

Ni sisi wenzako wa zamani,
Chumba cha Misuli,
ambao kwenye chati yako tunaitwa tishu nyinginezo.