Tate Leevi Haimbodi na Dimbwi Tulilotaka Kumzawadia

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya wanyamapori, Tate (yaani Baba) Leevi Haimbodi anastaafu tarehe 31 Oktoba. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga mimi, dereva wake, kwa sababu hapa ofisini hakuna mwingine aliyefika Luanda, Lusaka na Walvis Bay. Shule niliiacha darasa la saba, lakini mdomo haukuacha.

Tate Leevi alitunza madimbwi ya mvua: yale yanayojaa Januari yakachachamaa kwa vyura, na ikifika Agosti ni udongo uliopasuka. Aliyajua yote mia moja na kumi na manne. Wageni wakimuuliza anatunza nini kwenye ukavu ule, aliwajibu, "Natunza waliolala."

Mwaka mmoja nilimla chura mkubwa kabla ya mvua ya tatu, ingawa alinionya kwamba kabla ya hapo ana sumu. Siku mbili mkojo ulinigomea. Akanikimbiza hospitali kwa gari langu mwenyewe, akiendesha vibaya kupita kiasi: "Lia tu, ndugu yangu! Machozi nayo ni maji, yatoke."

Sasa niseme kosa, maana ni langu. Septemba tulitafuta zawadi ya kumuaga. Nikasema, mzee analipenda dimbwi la Oshilulu kuliko kitanda chake. Tulichimbe liwe na kina, lisikauke tena. Watu wakapiga makofi. Katapila nililileta mimi. Lilikuwa limeshakwangua robo ya dimbwi Tate Leevi alipotokea mbio, kofia mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni zawadi yako, Tate."

"Zawadi? Watoto wangu umewazoa ukawarundika pale kama kifusi!"

Ndipo akatufundisha. Mayai ya uduvi, wale kamba wadogo wanaoogelea chali, hulala kwenye udongo wa juu, unene wa vidole viwili. Ukavu ndio mlinzi wao. Dimbwi lisipokauka, kambare watahamia, na hakuna yai wala kiluwiluwi atakayesalia.

Siku nne tulirudisha udongo kwa ndoo. Mkuu wetu, Meme (yaani Mama) Selma Uusiku, alijifunga kanga kiunoni akabeba kama sisi. Tate alitufuata nyuma: "Wa juu urudi juu! Wewe dereva, hiyo si kokoto!" Tulipomaliza nikamuuliza kama wataamka.

"Sijui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu dimbwi lolote.

Hatutajua mpaka mvua inyeshe, na mvua itamkuta si mtumishi tena. Mkewe ananiambia chakula hakimalizi, anainuka kila mara kutazama mawingu. Mimi pia natazama.

Tate Leevi, ahsante kwa kila dimbwi ulilotuonyesha tulipoona tope tu. Tunakuombea afya, usingizi mzito na oshikundu, togwa yetu ya uwele, isiyokauka kibuyuni. Oshilulu ikishika maji, siku hiyohiyo nitapiga honi mlangoni kwako, twende tukapige magoti tuchungulie. Kukiwa na kitu, utacheka. Kusipokuwa na kitu, nitukane uwezavyo, Tate. Nitakuwa nimepiga magoti hapohapo kando yako.