Mama Hadubini na Damu Aliyoitoa Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, asanteni kwa kutufungulia milango ya nyumba zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi katika maabara ya damu mpaka maradhi ya damu yakamchukua. Wenzake walimwita Mama Hadubini. Alizikwa Jumamosi iliyopita.

Alikuwa akishainamia hadubini yake, hata umwite vipi, haitiki. Dada yake mkubwa anasema hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. "Akichagua mchele, ungedhani anatafuta ugonjwa."

Mwaka jana maabara yao ililetewa mashine mpya kwa majaribio. Mashine hiyo hupitisha chembe za damu mojamoja mbele ya mwanga wa leza, ikatambua kila chembe ni ya aina gani. Kazi ya Mama Hadubini ilikuwa kuipima mashine yenyewe. Damu ileile ipite kwenye mashine ya zamani, kisha kwenye mpya, majibu yalinganishwe. Ikifaulu, wataitumia kwa wagonjwa na kwa utafiti. Ikishindwa, irudi ilikotoka.

Kwa majaribio hayo ilihitajika pia damu ya watu wenye afya. Mama Hadubini akakunja mkono wa blauzi kabla ya wengine. "Anza na yangu," alimwambia mwenzake wa meza ya pili. "Mimi hata mafua yananiogopa."

Mashine ya zamani haikuona kitu. Ile mpya ikaonyesha kikundi kidogo cha chembe changa, chembe ambazo hazikupaswa kuwa pale.

Alicheka. "Mashine hii haina adabu," alisema. Akaisafisha, akarudia. Damu za wenzake zilipita safi. Yake ikatoa kikundi kilekile, mahali palepale. Hapo hakucheka tena.

Wasikilizaji wapendwa, jiwekeni katika nafasi yake. Mashine ikiwa mbovu, yeye ni mzima. Mashine ikiwa nzuri, yeye ni mgonjwa.

Alihangaika kuitafutia kosa. Alibadilisha mirija. Alibadilisha dawa za kutia chembe rangi. Alimwita fundi wa kampuni iliyoileta; fundi akaifungua, akaifunga, akasema haoni hitilafu. Mwenzake anakumbuka Mama Hadubini akimshika fundi yule mkono. "Angalia tena, kaka yangu. Tafadhali angalia tena."

Nyumbani, mumewe, mshona makochi, alimsihi. "Nilimwambia, mke wangu, andika tu kwamba ni mbovu, waichukue, tuishi. Akaniangalia. Akasema, 'Wakiichukua, damu yangu inabaki humuhumu.'"

Akaenda hospitali, daktari akamchukua uboho mfupani. Majibu yakarudi: saratani ya damu, bado iko mwanzoni. Akalazwa, akaanza matibabu.

Sasa sikilizeni hili. Akiwa wodini, kule maabara ripoti ya tathmini iliandaliwa bila yeye. Mkuu wa maabara hakuwa na habari za ugonjwa wake. Familia ilikuwa imeficha. Kwa hiyo jibu lile likahesabiwa kuwa kosa: mashine imeona ugonjwa kwa mtu mzima. Wakaelekea kuikataa.

Mwenzake wa meza ya pili, aliyeambiwa kwa siri, alipokwenda kumjulia hali, aligusia tu kwamba mashine inakataliwa. Mama Hadubini akaomba simu. Nywele zimekwisha, midomo imechubuka kwa dawa. Akampigia mkuu wake. "Bosi, lile si kosa la mashine. Ni mimi."

Mashine ikabaki. Ikawa ndiyo inayofuatilia damu yake. Kila sampuli ilipotoka wodini, mwenzake ndiye aliyeisoma, na kila mara Mama Hadubini alimuuliza swali moja: "Bado zipo?"

Kuna wakati chembe zile zilipungua mno, binti yake akaanza kupanga chumba cha kumpokea. Kisha zikarudi. Zikarudi kwa wingi. Dawa ya pili haikuzigusa. Siku hiyo mwenzake alisimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Alipoingia akasema, "Dada, mashine leo ina matatizo." Mama Hadubini akamwambia, "Usiisingizie. Kaa hapa nami."

Wakakaa. Binti anasema mama yake alilia siku ile, alilia sana, akiomba mwaka mmoja tu. Hakupewa.

Nilimuuliza mumewe kama hajivunii alichokifanya mkewe. Alinijibu: "Najua kuna watu ugonjwa wao umeonekana mapema kwa mashine ile. Wamekuja hapa kunishukuru. Nawakaribisha, nawapa viti. Lakini nikibaki peke yangu, bado natamani mashine ile ingekuwa imekosea."

Kwa mume, kwa binti, kwa dada mkubwa, na kwa mwenzake wa meza ya pili: poleni sana. Hatuna maneno ya kuwapunguzia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hatujaendelea na mengine, tutulie kidogo. Tuwafikirie walioko maabara saa hii, wameshika majibu mkononi, wanatafuta namna ya kwenda kumwambia mtu.