Picha Nyeusi za Mzee Giza

Marehemu baba yetu, fundi miwani, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Giza, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi karibu na kwao, akamaliza sekondari mwaka 1976. Mwalimu wake wa fizikia alimtoa nje ya darasa mara nyingi kwa kuchezea lenzi za maabara, kisha mwalimu huyohuyo akamwombea nafasi kwa fundi miwani aliyemfahamu.

Kazi hiyo ndiyo iliyotulea sote. Siku moja ililetwa dukani darubini iliyovunjika kioo, na mwenyewe hakurudi kuichukua. Baba aliitengeneza, akaifungia kamera, akaanza kupiga picha za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyojiviringa kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki. Kwa kuwa mwanga huharibu picha hizo, alipita nyumba kwa nyumba akiomba taa za nje zizimwe. Ndipo akapata jina. Vijana wa mtaa walimtania, "Mzee Giza, na jua utalizima lini?" Alijibu, "Hilo lina mwenyewe. Wewe nizimie yako."

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1982, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mama ameomba jambo linalofuata lisomwe, nasi tumetii. Mdogo wetu wa mwisho alipoolewa, mama alitafuta nafasi kwenye kompyuta ya kuweka picha za harusi. Akakuta mamia ya picha nyeusi, zote zinafanana. Baba aliporudi kutoka dukani, mama akamwambia, "Mzee Giza, kamera yako imekufa. Picha zote giza tupu. Nimekusafishia."

"Zote?"

"Zote. Hata moja sijabakiza."

Baba alivua viatu, akaomba chai. Baadaye akasema, "Haidhuru. Yenyewe ipo palepale." Sisi tuliokuwa mezani tukacheka. Kiangazi kilichofuata alianza upya, galaksi ileile.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na ngazi za kupanda juu ya paa, alikokuwa akipigia picha, zikamshinda. Machi mwaka huu alilazwa. Wodini muuguzi aliona simu yake, akauliza, "Mzee, mbona picha zako nyeusi?"

"Moja peke yake haina kitu, binti yangu. Unazipandanisha kwenye kompyuta, mamia kwa mamia, na ule mwanga kidogo wa kila moja unajumlishika. Hapo ndipo mikono ya galaksi, ile michirizi yake ya nyota, inatokea."

Mama alikuwa akimenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo zile nilizofuta..."

"Zilikuwa nyeusi, mke wangu. Yeyote angefuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelibeba jambo hilo mpaka leo."

Alituaga alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2024, mama akiwa amemshika mkono. Tangu hapo mama analibeba, nasi watoto pamoja naye, maana tulicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza picha zile zilikuwa za nini. Tunamwomba Mungu msamaha, kwa kuwa baba hawezi tena kutujibu.

Picha iliyo nyuma ya kitabu hiki cha maziko kaka yetu aliitengeneza juzi kutokana na zile baba alizowahi kukusanya upya. Mkono mmoja wa galaksi unaonekana vizuri. Wa pili umefifia na kujaa chembechembe. Mchapaji alisema, "Hapa hapajakaa sawa. Niwang'arishie?" Mama akamkatalia. "Paache. Pale pasipoonekana ni pangu."

Baba ameacha mke, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na darubini ambayo mwenyewe bado hajaifuata.

Mungu aliyeziumba nyota hizo ampe pumziko la amani.