Mama Vitofali na Mji Usio na Maadui

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuchora, kufuta na kuchora tena, Mama Vitofali anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimetazamana muda mrefu kuliko meza nyingine zozote ofisini. Kamati haikujua kwamba inamkabidhi kazi hiyo mtu aliyemwonea wivu kuliko wote. Hata hivyo nimekubali, na nitasema kweli tupu.

Alianza kazi kampuni ikiwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, ikitengeneza kalenda na picha za vitabu vya shule. Alichora ng'ombe, mifupa ya binadamu na ramani za mito. Moyo aliouchora kwa kitabu cha sayansi ulipendeza hata mwalimu mmoja akauomba aubandike sebuleni kwake. Kompyuta zilipoingia, wachoraji wenzake waliaga wakaondoka. Yeye aligombana nazo, akazinunia, mwishowe akazizoea.

Jina la Mama Vitofali alilipata pale mkurugenzi alipotangaza kwamba tutatengeneza mchezo wa simu: mchezaji anapewa ardhi tupu, anachimba, anapanga vitofali na kujenga anachotaka bila kuamriwa na mtu. Tulishangilia, kisha tukagundua kwamba hiyo ardhi tupu ndiyo ngumu kuliko yote. Miezi ya kwanza ulimwengu wetu ulikuwa uwanja wa kijivu wenye vitofali vya udongo, mbao na jiwe, basi. Simu zilichemka mkononi kama pasi. Mtu akipigiwa simu katikati ya mchezo, nyumba yake yote ilipotea, na lawama zikamwendea aliyepiga.

Yeye alichora vitofali, mimi niliandika programu ya kuviendesha. Lakini kila mgeni aliyeingia chumbani alisimama nyuma ya kiti chake, si changu. Nilielewa sababu, kumeza ndiko kulikonishinda. Alipochora mto, ofisi nzima ilihamia mezani kwake, mpaka mhasibu ambaye hana kawaida ya kuinuka. Kila mtu alisifu jinsi maji yanavyometa. Mtu aliyeyafanya yateremke mlimani alikuwa upande wa pili wa meza, anakunywa chai iliyopoa.

Wivu haukuwa wangu peke yangu. Mumewe, dereva wa lori, alilalamika kwamba mkewe anaichekea simu kuliko anavyomchekea yeye. Mama Vitofali akampa mchezo aujaribu. Bwana yule akajenga banda la kuku, akaliongezea ghorofa, na ikawa zamu ya mkewe kubembeleza arudishiwe simu yake.

Kisha ikafika siku ya kuamua. Mkurugenzi alikuwa ametuambia wazi kwamba familia za wafanyakazi zitaujaribu mchezo, na wasipoupenda, mradi utafungwa na nusu yetu tutafute kazi kwingine. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilitumia miezi kadhaa kutengeneza maadui, majitu ya kuja gizani kubomoa nyumba za mchezaji. Yalitembea vizuri ajabu. Goti likikunjika, bega linafuata. Safari hii, nilijiambia, watasimama nyuma ya kiti changu.

Familia zilikaa ukumbini tangu asubuhi, kila mtu na simu yake. Majitu yangu yalipotokea, watoto walilia. Watu wazima wakajenga kuta zisizo na mlango, wakajifungia ndani, mchezo ukaishia hapo. Mama mkwe wa mhasibu aliuliza kwa upole kwa nini hawa watu wanamvunjia nyumba ilhali hajawakosea chochote. Jioni mkurugenzi akatupa nafasi moja tu ya kurekebisha, na akaagiza maadui waondolewe. Mto ulisifiwa. Nilifunga kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu Mama Vitofali alizunguka meza, jambo la nadra kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akavuta kiti karibu yangu.

"Jirani," alisema, "mji wetu ni mzuri lakini hauna mtu. Hayo majitu yako yakiacha kubomoa, si yanaweza kuishi humo?"

Nilimjibu kwamba niliyatengeneza kwa ajili ya vita.

"Miguu haijui vita. Nipe miguu, nguo nitawavika mimi."

Hivyo ndivyo walivyozaliwa wakazi wa mji ule: muuza maziwa, fundi baiskeli, bibi anayefagia mlangoni kwake. Familia ziliporudi kuujaribu tena, hakuna aliyetaka kurudisha simu. Mkurugenzi mwenyewe alimfuata bibi wa ufagio mitaa mizima, akasahau kikao alichokiitisha. Mradi ukapona, na ajira zetu pia. Aliposifiwa mbele ya wafanyakazi wote kwa kuutia mji uhai, Mama Vitofali alisimama akasema uhai ule ulitoka meza inayotazamana na yake. Nilipigiwa makofi. Nami, badala ya kufurahi tu, nikamwonea wivu hata kwa hilo. Mimi nisingesema.

Tangu hapo ameongoza idara ya michoro, na karibu kila mchoraji wetu wa leo amepita mikononi mwake. Wapo waliofokewa kwa ajili ya kivuli kilichoangukia upande usio wake, na wanamshukuru.

Wiki iliyopita, akiwa anafungasha kalamu zake, nilimweleza nitakachoandika hapa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Maisha yangu yote nimechora vitu vilivyosimama," akasema. "Siku nilipoona goti la jitu lako linakunjika, nilirudi nyumbani chakula hakikupita. Nilikuonea wivu, jirani. Unadhani miguu ile nilikuja kuiomba kwa nini?"

Nilimsaidia kubeba sanduku hadi getini, ambako mumewe alikuwa amewasha gari.

Mama Vitofali, ofisi nzima inakushukuru kwa kazi na kwa moyo wako. Kuanzia mwezi ujao utaamka saa upendayo, na sisi tutakuwa kwenye kikao cha asubuhi. Nenda ukapumzike na mzee wako, afya iwe njema na siku zako ziwe za raha. Sisi huku tutaendelea kukuonea wivu.