Toroli Limetoka

Wafiwa wenzangu, majirani, wazee wa reli mliobaki, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, mimi ni mume wa binti mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa nyumba hii ina watoto wa kiume wawili wenye sauti nzuri kuliko yangu, jambo ambalo najua limewafanya baadhi yenu mnong'onezane tangu jana kwamba hapa pana namna. Nami nilipoambiwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyenitaja nilijiuliza hivyo hivyo, kwa sababu baba mkwe hakuwa mtu wa kumpa mtu kitu ovyo, na mimi kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kuniachia hata ufunguo wa geti. Shemeji yangu mkubwa ameketi hapa mbele na nakala yake, ananifuata mstari kwa mstari, na namwona ana kalamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1938, katika nyumba ya tatu ya kambi ya wafanyakazi wa njia ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa mtu wa kukaza boliti za reli na mama yake mfua nguo za wahandisi, na inasemekana kwamba siku hiyo treni ya abiria ilichelewa saa nzima, ila habari hiyo aliyeisimulia ni marehemu mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuihakikisha.

Alisoma shule ya msingi ya kambi kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, akasoma miaka miwili ya juu katika shule ya mjini, akienda na kurudi kwa treni kwa pasi ya baba yake, na tarehe 9 Januari 1956 akaingia chuo cha reli, akafundishwa simu, ishara, mizigo na tiketi, akatoka wa kwanza katika somo la kanuni. Kanuni hizo alizijua kwa kichwa mpaka mwisho, na wajukuu walioketi naye barazani wanaweza kushuhudia, maana hakuna aliyeomba hela ya peremende bila kusomewa kifungu.

Alianza kazi tarehe 1 Machi 1957 akiwa karani wa tiketi, akapanda kuwa msaidizi, na tarehe 15 Julai 1968 akakabidhiwa stesheni ya chini, ile ambayo jengo lake sasa limejaa magunia ya saruji, lakini sisi tuliokulia kando ya reli bado tunaiona ilivyokuwa, dirisha la tiketi lenye tundu la duara lililolainishwa na mikono, mizani ya mizigo iliyozidisha kilo mbili na kila mtu akajua, benchi la mbao refu kuliko ukuta uliolishikilia, kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele, na harufu ya mafuta ya taa na karatasi. Kilomita kumi na moja kupanda mlima ilikuwa stesheni ya juu, na stesheni masta wa huko, ambaye watu wote wa njia walimwita Bwana Kofia kwa kuwa alioga nayo, ndiye baba yangu.

Hapa wale wazee wa reli wameshaanza kukohoa, na wako sahihi, lakini nitakwenda kwa utaratibu.

Tarehe 22 Agosti 1964 marehemu alifunga ndoa na mama mkwe wangu, binti wa fundi cherehani, msichana aliyekuwa akikata tiketi kila Jumamosi ya kwenda mahali ambako baadaye alikiri hakuwa na shughuli nako yoyote, wakajaliwa watoto wanne, binti mkubwa, ambaye ni mke wangu, mwaka 1965, watoto wa kiume mwaka 1967 na 1970, na kitindamimba wa kike mwaka 1976. Katika miaka hiyo nyumba yao na yetu zilikuwa nyumba moja iliyokatwa na kilomita kumi na moja, baba zetu waliongea kwa simu ya reli mara ishirini kwa siku, wakataniana, wakatumiana mayai na magazeti kwa gadi wa treni ya mchana, na mama zetu walisuka mikeka pamoja kila mwisho wa mwezi.

Kanuni ya njia moja, kwa wasiofahamu, ni kwamba treni haitoki stesheni hii mpaka stesheni ya pili ikubali kwa simu kuwa njia ni safi, na ujumbe wowote unaotolewa lazima anayeusikia aurudie neno kwa neno, kisha aandike katika daftari la treni, saa, maneno, na neno "imerudiwa". Siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, saa tisa na dakika arobaini alasiri, baba yangu alipiga simu chini kuhusu toroli la mafundi wa njia, dakika saba baadaye marehemu aliiruhusu treni ya mizigo kupanda, na kwenye kona ya daraja la pili treni ikakutana na toroli, wakafa mafundi wawili, na wa tatu akapoteza mguu.

Uchunguzi ulifanyika kwa siku nne katika chumba cha abiria cha stesheni ya chini, na ulisimama juu ya neno moja. Daftari la juu liliandikwa "toroli limetoka stesheni", yaani lipo njiani, shikilia treni, na daftari la chini liliandikwa "toroli limetoka njiani, njia ni safi, imerudiwa", yaani lilikwishaondolewa relini, na wachunguzi wakaamini daftari lenye neno "imerudiwa", kwa kuwa la baba yangu halikuwa nalo. Baba alifukuzwa kazi tarehe 2 Aprili, tukapewa siku kumi na nne kuhama nyumba ya reli, mimi nikaacha masomo mwaka wa mwisho, naye akawa fundi saa kwenye kibaraza cha duka la mtu, akafa tarehe 30 Septemba 1986 akisema maneno yale yale matatu, na watu wakimsikiliza kwa adabu tu.

Tangu ajali hiyo marehemu ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, Mzee Rudia, kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akalikubali mpaka msemaji alirudie, mwuza maziwa alirudia idadi ya lita, mama mkwe alirudia anakokwenda na saa ya kurudi, mwalimu alirudia alama za mtoto, na daktari mmoja kijana aliwahi kurudia jina la dawa mara tatu mpaka mwenyewe akaingiwa na shaka akaenda kuangalia kitabu. Watu walisema ajali ilimfundisha kutomwamini mtu, wakamheshimu kwa hilo, lakini mimi nilikuwa na maelezo yangu.

Nasema wazi mbele ya mke wangu, ambaye anajua, kwamba nilipoanza kuja nyumba hii mwaka 1989 nilikuja kwa mambo mawili, nampenda binti, na nataka kujua baba yake aliandika nini siku ile na aliandika saa ngapi. Marehemu alinusa jambo la pili kabla ya la kwanza, akamwuliza mke wangu kama huyu kijana anakuja kuoa au anakuja kupekua, akaanza kufunga droo ya meza yake kila nikibisha hodi, na harusi ilipofungwa tarehe 8 Desemba 1990 alinipa mkono kama anayepokea kifurushi kisicho na anwani. Mama yangu hakuhudhuria, alisema ana homa, na homa hiyo ikadumu miaka thelathini na miwili. Mwaka 1998, wakati watu wote wako uani, nilijaribu kuifungua ile droo kwa ufunguo wa kabati la mahakama, mama mkwe akanikuta nimepiga magoti, akaniambia nikimaliza nifunge, akapita zake na sinia la vikombe. Ufunguo haukuingia, na wiki iliyopita, droo ilipofunguliwa hatimaye, ilikuwa na vidonge vya presha na miwani mitatu iliyovunjika, kwani daftari lilichukuliwa na wachunguzi mwaka ule ule wa ajali na halikurudi.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1993, njia ikafungwa mwaka 1997, na reli zikang'olewa na kampuni ya vyuma chakavu, naye akasimama barazani siku zote tisa za kazi hiyo akihesabu mataruma yaliyokuwa chini ya reli, kisha hakutaka tena kusikia mtu akisimulia habari za treni, akisema wasimulizi wengi ni waongo, na nilimtazama usoni aliposema hivyo, naye akanitazama.

Maradhi ya moyo yalianza Novemba 2019, na Jumatatu tarehe 27 Machi mwaka huu wa 2023 alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Jumanne tarehe 4 Aprili, saa kumi alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, alituita mimi na shemeji yangu mkubwa, akamwomba mama mkwe abaki, akaniagiza nichukue kalamu kwa sababu nimezoea kuandika maneno ya watu wanaoogopa, na nakiri kwamba nilidhani ni mtego, kwamba anataka mbele ya mashahidi nitamke kuwa baba yangu alikosea, nikaandika tarehe kwanza, kama tunavyofanya mahakamani, kisha nikasubiri. Aliposema, nilimtaka arudie, naye akarudia, akamtaka mwanawe arudie, naye akarudia huku analia.

Kikao cha familia juzi kilivutana kwa saa mbili juu ya aya ifuatayo, shemeji yangu akitaka iachwe kwa heshima ya baba yake, akinishuku kwamba nimengoja kipaza sauti hiki miaka arobaini na minne, na hakunisingizia, nimekingoja kweli, ndiyo maana nilimpa karatasi nikamwambia aamue yeye. Alikaa nayo usiku mzima, asubuhi akanirudishia, ameongeza nukta moja iliyosahaulika. Mama mkwe alisema neno moja tu, soma, nami nasoma kama ilivyotamkwa:

"Mimi na Bwana Kofia tulikwishaacha kurudiana maneno miaka mingi, tuliona ni kudharauliana, rafiki humrudishii maneno kama karani mgeni. Siku ile waya ulikuwa unakwaruza, nikasikia toroli limetoka, sikusikia limetoka wapi, na sikuuliza. Ilipoletwa habari ya ajali nilikuwa nimeandika maneno mawili tu, toroli limetoka, ndipo nikaongeza njiani, njia ni safi, imerudiwa. Nilitumia kalamu ile ile. Bwana Kofia alisema kweli. Nilikuwa na watoto wanne na nyumba ya reli, naye alikuwa na mmoja, nikajiambia mmoja si mzigo. Huyo mmoja ndiye anayeandika hapa. Sikumfungia droo kwa sababu ya kilichokuwemo, nilimfungia ili asijue kwamba sina hata karatasi ya kumwonyesha."

Mwisho wa kunukuu. Niliposhusha kalamu sikumsamehe, na sitasema leo kwamba nilimsamehe, kwa sababu amekwisha kusikia uongo wa kutosha, lakini nilimshika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Alifariki Jumanne tarehe 11 Aprili, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na miaka themanini na minne, akiwa amezungukwa na mkewe, watoto wanne na mimi, ameacha pia wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliorudia kila neno bila kuchoka, majirani waliofagia uwanja huu tangu Jumanne, wafanyakazi wa zamani wa reli wa stesheni ya chini na ya juu, pamoja na wana wa wale mafundi wawili, walioitikia nilipowapigia simu na kuwasomea aya hii kabla yenu, na fundi wa mguu mmoja, ambaye hakuja, na ana haki.

Mama yangu yuko kule nyuma, karibu na geti, amefika leo bila homa. Mama, umesikia, kilichosomwa ni neno la mwenyewe, na shahidi ni mwanawe. Mama mkwe ameniagiza kwamba kiti cha kulia kwake kimewekwa wazi tangu asubuhi, na kila aliyetaka kukikalia amekataliwa, basi wa mbele mpisheni, apite.

Baba mkwe, kazi yako imekwisha, upumzike, na amani iwe nawe.