Mpigaji wa Kwanza wa Raskazone: Anverali Bahadur Jiwa, 1948–2025

Ndugu, jamaa, majirani na wachezaji,

Kwa niaba ya familia ya Jiwa nawashukuru kwa kufika hapa makaburini asubuhi hii. Mimi ni Shakeel, kaka yake mjane, Roshanara, na marehemu alikuwa shemeji yangu. Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa amri yake mwenyewe. Alisema Kigujarati kitamwacha nje Gitonga na wenzake wa timu ya kriketi, Kiingereza kitawaacha nje wazee, na Kiswahili ndicho alichotumia kumsema kila mtu kwa usawa. Watoto na wajukuu waliozaliwa huku wanakielewa vizuri. Shida yao ni kujibu, na leo hakuna anayeulizwa.

Marehemu Anverali alizaliwa Tanga, Barabara ya Nane, siku ya Jumanne tarehe 9 Machi 1948. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Bahadur Jiwa, aliyeuza vitambaa na mafuta ya taa, na marehemu Bi Razia. Mlango wa pili palikuwa na duka la sonara, mzee Vora, wa familia ya Kibaniani. Mzee Vora naye alipata mtoto mwezi huo huo, akamwita Jayantilal. Nyumba hizo mbili zilikuwa na dini mbili, Uislamu na Uhindu, na paa moja la bati. Mvua ikinyesha, zote zilivuja.

Alianza shule ya jumuiya mwaka 1955 na kumaliza sekondari pale pale Tanga mwaka 1966. Vyeti vyake nimeviona, na sina la kuongeza. Alichokisoma kwa moyo ni kriketi, katika uwanja wa Raskazone, yeye na Jayanti wakiwa wapigaji wa kwanza wa timu. Kwa wasioujua mchezo huu: wapigaji wawili huingia pamoja, mmoja kila upande, na mmoja hawezi kukimbia kama mwenzake amekataa kukimbia. Jambo la pili la kujua ni hili. Mpira ukigusa ukingo wa gongo na kudakwa nyuma, mpigaji ametoka. Wakati mwingine mguso ni mdogo kiasi kwamba mwamuzi hausikii. Mpigaji mwenyewe huusikia mikononi.

Mwaka 1965 walikuwa wakicheza na timu ya mameneja wa mashamba ya mkonge. Mpira uliligusa gongo la Anverali, ukadakwa. Mwamuzi alitikisa kichwa: hajatoka. Anverali aliweka gongo kwapani akaanza kurudi kwa miguu yake. Baba yake, aliyekuwa amefunga duka saa nzima ili aje na Bi Razia kumtazama, alimsubiri kwenye kamba ya ukingo wa uwanja.

“Mwamuzi alisema umetoka?”

“Hapana, baba.”

“Sasa umetokaje?”

“Niligusa.”

Mzee Bahadur alimtazama mkewe. “Huyu,” akasema, “tusimweke dukani.”

Hawakumweka. Jioni ile Anverali na Jayanti walikubaliana kuwa timu yao itakuwa na sheria moja isiyo katika vitabu. Aliyegusa anatoka mwenyewe, hangoji kuambiwa.

Alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya mkonge, kisha akaja Toronto tarehe 14 Novemba 1974. Alishuka kwenye ndege amevaa koti jembamba la kriketi, kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Mwaka uliofuata alijifunza ufundi wa lifti. Mpaka alipostaafu mwaka 2012 alizitengeneza lifti za maghorofa ya Etobicoke, huku huku Toronto. Wengi mlio hapa mmewahi kukwama na kuisikia sauti yake kutoka juu ya kizimba ikiwauliza mmekula nini. Alikuwa fundi mzuri na mfanyabiashara mbaya kupindukia. Siku tuliyouza gari lake la kwanza, nilikuwa nimeshamlainisha mnunuzi, bado kupeana mikono tu. Shemeji akatoka nje na kumwonyesha kutu iliyokuwa chini ya zulia. Tangu siku hiyo, kila nilipomsaidia kuuza kitu, nilimwomba Roshanara amfungie ndani.

Alimwoa Roshanara tarehe 7 Agosti 1976. Posa ilikuwa na mjadala. Baba yetu alitaka kujua fundi wa lifti ana matarajio gani, naye akajibu kwamba kazi yake ina kupanda na kushuka. Baba hakucheka. Roshanara, aliyekuwa nyuma ya pazia, alicheka, na mjadala ukaishia hapo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aleem na Shaila.

Jayanti alihamia huku mwaka 1979, na miaka miwili baadaye wakaianzisha upya Raskazone katika bustani moja ya Etobicoke, kila Jumapili kuanzia Mei hadi Septemba. Walicheza watu wa Tanga, Mombasa, Kampala, Karachi na Georgetown. Gitonga, mzaliwa wa Meru anayeishi Lawrence Heights, alipita akitafuta uwanja wa kandanda. Aliombwa asimame kidogo tu nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, adake mipira, na amesimama hapo mpaka leo. Chai na kachori zilikuwa za Roshanara. Sheria ilikuwa ile ile ya 1965. Timu za wageni zilitucheka, kisha zikazoea, na chache zikaiga.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi yenu mmeniomba nipite haraka. Nimekataa, kwa sababu marehemu alisema nisipopasoma hapa nisisome kabisa.

Anverali aliwahi kukanyaga India mara moja maishani, alipokwenda kutengeneza meno, akaumwa tumbo safari nzima. Jayanti hajawahi kufika. Pamoja na hayo, miaka ile ya karibuni wazee hawa wawili wa Barabara ya Nane walianza kugombania uchaguzi wa India kwenye kundi la simu la timu. Huyu anatuma video, yule anatuma yake. Kundi lililoundwa kutangaza nani analeta maji ya kunywa likawa bunge. “Serikali ile haijawahi kunipa hata leso,” marehemu aliniambia siku moja, “na angalia, namnunia Jayanti kwa ajili yake.” Nilimwambia azime simu. Alisema bado hajaijibu video ya Jayanti ya asubuhi.

Kriketi nayo ilikuwa ikibadilika. Aliacha kuitazama ligi kubwa ya India kwenye televisheni. Alisema wanaonyesha matangazo, na matangazo yakichoka ndipo mpira unarushwa. Wachezaji wananadiwa kama ng'ombe, na ng'ombe anatabasamu. Hata bustanini kwetu walianza kuja vijana wasiojua timu ipi ni ipi, wanachungulia simu, wanauliza yule mzee atafikisha mikimbio mingapi, maana wamemwekea dau.

Mwaka 2022 tajiri mmoja alileta ligi yake mpya ya Jumapili. Aliitaka Raskazone. Masharti yalikuwa jina jipya, jezi zenye nembo ya kampuni ya kamari, na muziki kati ya mpira na mpira. Na siku ya ufunguzi angekuja mwanasiasa kutoka India kutoa hotuba, timu ikiwa imejipanga nyuma yake kwa picha. Kikao kilikaa sebuleni kwa marehemu.

“Tumpigie makofi kwa lipi huyu mtu?” aliuliza Anverali.

“Anakuja kuangalia kriketi, Anver,” alisema Jayanti.

“Anakuja kuangaliwa.”

“Mimi nauliza tu,” alisema Gitonga, “hiyo muziki, mtu akikosa mpira wataizima ama wataongeza?”

Jayanti alikuwa amegeuka upande wa Anverali. “Vijana wetu wanacheza na viatu vilivyochanika. Nani atawanunulia? Wewe na kachori?”

“Kachori za Roshanara hazijamdai mtu asimame kwenye picha.”

“Sema ukweli. Angekuwa wa dini yako, ungemfungulia mlango.”

Hapo, kwa maoni ya waliokuwepo, Jayanti alikosea, na Anverali angeweza kunyamaza akawa mshindi. Hakunyamaza. “Nilidhani wewe ni Jayanti wa mlango wa pili,” alisema. “Kumbe ni kama wao wote.”

Jayanti aliweka kikombe chini, akamshukuru Roshanara kwa chai, akaondoka. Wachezaji saba walimfuata kwenye ligi. Raskazone ilibaki na watu tisa. Gitonga akamleta mkewe, Gakii, aliyedaka mipira akiwa amevaa viatu vya kanisani. Timu haikufa. Lakini Anverali alifungua mchezo kila Jumapili na mtu mwingine upande wa pili, na Roshanara anasema alikuwa akirudi nyumbani haulizwi matokeo wala hayatoi.

Msimu wa pili wa ligi ile, Gitonga alileta habari. Kijana mmoja aliyelelewa Raskazone aligusa mpira, mwamuzi hakuona, kijana akatoka mwenyewe kama alivyofundishwa. Tajiri alimfokea mbele ya watu kwamba hakununuliwa ili ajitoe. Jayanti, aliyekuwa mwalimu wao, alivua kofia ya ligi, akaiweka juu ya spika ya muziki, akaenda nyumbani. Hakurudi tena.

Anverali alisikiliza hadi mwisho. “Vizuri,” alisema. Hakupiga simu. Jayanti naye hakupiga. Mimi nimepatanisha watu wengi waliokwama kwenye bei, na ninajua sura ya mtu anayengoja mwenzake ataje kwanza. Hawa wawili walisimama kila mmoja upande wake, na hakuna aliyekimbia.

Novemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikubali duru mbili za matibabu. Daktari, kwa upole, alimweleza kuhusu ya tatu. Shemeji alimuuliza ingempa nini, daktari akamjibu kwa uaminifu, na wakaagana kwa heshima. Watu walidhani hofu yake ilikuwa kifo. Hofu yake ilikuwa kuondoka na sentensi ile ya sebuleni ikiwa ndiyo ya mwisho kati yake na Jayanti.

Jumapili tarehe 12 Januari mwaka huu alimwambia Aleem ampeleke Brampton, nyumbani kwa Jayanti. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Roshanara alimsihi apige simu kwanza. Alisema mtu hatoki uwanjani kwa simu. Walipofika, Aleem alizunguka kumshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ataanguka.

“Nikianguka utaniokota,” alisema baba yake. “Rudi garini.”

Kutoka barabarani hadi mlango ule si mbali, lakini kwa mtu aliyekuwa amebaki mifupa na koti ilikuwa safari. Alikwenda polepole, mikono mitupu. Jayanti aliona kupitia dirishani, akafungua kabla hajagonga.

“Niligusa,” alisema Anverali.

Jayanti alimtazama miguuni. “Umekuja na kandambili kwenye theluji, mpumbavu wewe.”

“Umesikia nilichosema?”

“Nilisikia siku ile ile. Ingia.”

Aleem, aliyekuwa amewafuata mpaka ukumbini, anasema Jayanti alianza kuomba radhi kuhusu lile la dini, na baba yake akamkatiza. “Wewe ulishatoka, siku ya spika. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale, namtazama mwamuzi.” Kisha wakaweka sheria mpya kwamba India isitajwe chumbani. Sheria hiyo ilidumu mpaka chai ilipoletwa.

Tangu siku hiyo Jayanti alikuja Etobicoke kila Jumapili, na alipoona Jumapili hazitoshi, akaja na katikati ya wiki. Walitazama mechi wakiwa wamezima sauti. Waligombana kuhusu uchaguzi, kwa sauti, na Shaila alipoingia kuwanyamazisha waliungana kumtoa.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake Etobicoke, alfajiri ya jana, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Mkewe na watoto wake walikuwa kando yake.

Ameacha mjane, Roshanara, watoto wawili, Aleem na Shaila, wajukuu watano, na dada yake mkubwa aliye Tanga, ambaye ametuma salamu na kuuliza kama tumemvisha soksi. Ameacha pia mwenzake wa kufungua mchezo, Jayantilal Vora. Kuna aliyenisogelea asubuhi hii akiuliza jina hilo limefikaje katika orodha ya wafiwa. Karatasi hii niliichapisha mimi, na nafasi ilikuwepo.

Tukimaliza hapa, jeneza litabebwa na Aleem, Gitonga, nami, na Jayanti mbele upande wa kushoto, upande aliozoea kutokea kila walipoingia uwanjani pamoja. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa leo, na marehemu alikataza isiahirishwe. Imesogezwa hadi saa tisa alasiri. Jayanti atafungua mchezo, na upande wa pili atasimama Aleem. Aliyegusa atoke mwenyewe.

Tulitoka kwa Mwenyezi Mungu, na kwake Anverali amerejea kwa miguu yake. Mola ampokee na ampumzishe mahali patulivu, pasipo na muziki kati ya mpira na mpira.